HESHIMA KWA WENYE MAMLAKA NA ADABU KATIKA MAMBO YA SIASA

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imenipa kazi ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo kwa kawaida halipewi nafasi katika taarifa ya mwaka. Taarifa ya Mweka Hazina imekwisha kusomwa, na hesabu mmezipokea. Habari za mazishi, za karo za watoto na za wagonjwa zimo katika kurasa zilizotangulia. Hili nitakalosema halina hesabu ya shilingi, lakini linatupunguzia nguvu kuliko deni lolote. Nalo ni namna tunavyosema juu ya watu waliopewa mamlaka, na namna wao wanavyosema nasi, na namna sisi kwa sisi tunavyotendeana kwa ajili yao.

Nadhani nimechaguliwa kwa sababu mimi ndiye ninayeandika kumbukumbu za mikutano yetu, na mwandishi wa kumbukumbu hujifunza jambo moja ambalo huenda wengine hawalioni. Mtu akisimama na kusema, "Fedha za paa la jumba hazikuonyeshwa katika hesabu za mwezi wa tatu, naomba maelezo," maneno yake huandikwa, hujibiwa, na jibu hubaki kitabuni. Mtu akisimama na kusema, "Ninyi nyote ni wezi," sina la kumwandikia ila kwamba palitokea kelele. Huenda hasira yao ilikuwa moja, na huenda haki yao ilikuwa moja. Lakini mmoja amepata jibu, na mwingine amempa aliyeulizwa njia ya kulikwepa swali, maana tangu hapo mkutano wote utazungumza juu ya tusi, na hakuna atakayekumbuka paa.

Wanachama wenzangu, katika mwaka huu tumewazika wenzetu kadhaa, na katika msiba mmoja, ambao sitautaja kwa jina la nyumba, wengi wetu hatukuonekana. Mchango haukukamilika kwa wakati wake, na vijana wa kuchimba kaburi walitafutwa kwa kulipwa. Marehemu hakuwa na ubaya na mtu. Mwanawe ndiye aliyekuwa amemwunga mkono mgombea fulani, na maneno yakapita katika simu, kwanza ya kumtukana mgombea, kisha ya kumtukana aliyemwunga mkono, kisha ya kuitukana nyumba yake na ukoo wake. Mgombea mwenyewe hakufika mazishini, wala yule aliyeshindana naye hakufika. Nao wawili, kama ilivyo desturi ya wanasiasa, huenda siku moja wakapatana na kula sahani moja, na sisi tutabaki na kaburi lililochimbwa na watu wa kukodiwa. Chama hiki kiliundwa ili jambo la namna hiyo lisimpate mwanachama hata mmoja.

Ndiyo maana nataka leo tulichunguze neno heshima, tujue mipaka yake na kazi yake. Wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba kumheshimu mwenye mamlaka ni kunyamaza mbele yake. Na wako wengine wanaodhani kwamba uhuru wa kusema ni ruhusa ya kutukana. Mawazo haya mawili yaonekana kuwa maadui, lakini matunda yake ni mamoja: anayenyamaza hamwulizi mkubwa swali, na anayetukana humpa mkubwa sababu ya kutomjibu. Katika hali zote mbili mwenye mamlaka hulala usingizi mzuri. Heshima ninayoitetea mimi ni ile inayomfanya mnyonge aweze kulisema neno zito mbele ya mwenye nguvu, na neno hilo likasikika.

Wazee hupenda kutukumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali ya kweli, lakini tuitazame vizuri. Mkuu anayetajwa hapo ni yule ambaye amekwisha kuipita njia, analijua shimo lilipo, naye anamwonya mdogo asivunjike. Faida ya maneno yake yamwendea anayeonywa. Mtu anayetoa amri kwa faida ya tumbo lake mwenyewe, kisha akataka watu watii wala wasiulize, hana haki ya kujifunika kwa methali hii.

Vivyo hivyo neno "mheshimiwa", ambalo twawaitia wabunge, magavana na wawakilishi wa wadi. Lugha yetu imelijenga neno hili katika kauli ya kutendwa. Mheshimiwa ni mtu anayeheshimiwa, yaani wako watu wengine wanaompa heshima hiyo, na bila wao neno halina pa kusimama. Kila tunapomwita mtu kwa jina hilo twampa kitu kilicho chetu, naye ana deni la kukitunza.

Sisi tuliosoma katika shule za misheni tulifundishwa mapema ile sura ya 13 ya Waraka wa Mtume Paulo kwa Warumi, juu ya kuzitii mamlaka. Wengi husimama hapo. Lakini mtu huyo huyo aliyeiandika sura ile alipigwa hadharani na kutiwa gerezani kule Filipi bila kuhukumiwa, na asubuhi wakuu wa mji walipotuma watu wamfungue atoke kimyakimya, alikataa. Alitaka wakuu wenyewe waje wamtoe, kwa sababu walikuwa wameivunja sheria yao wenyewe kwa kumpiga raia wa Kirumi. Habari hiyo imo katika sura ya 16 ya Matendo ya Mitume. Hakuwatukana wale wakuu, wala hakuwarushia mawe. Aliwaomba waje, na wakaja, wakiwa na hofu, wakamsihi. Ndugu zetu Waislamu nao wajua kutoka katika Kurani kwamba Musa na Haruni walipotumwa kwa Firauni, mfalme aliyepita mipaka, waliagizwa waseme naye kwa maneno ya upole. Ujumbe waliopeleka haukuwa mwepesi hata kidogo, maana walitaka watu waliotumikishwa waachiliwe. Maneno yalikuwa laini, na dai likabaki gumu kama jiwe.

Tusidhani kwamba mambo haya ni mageni kwa vyama vya ustawi katika nchi yetu. Mwaka 1920 nchi hii iligeuzwa kutoka hali ya ulinzi ikawa koloni, kodi ikapandishwa, na kipande kikaanza kufungwa shingoni mwa wanaume. Tarehe 23 Desemba 1921 walimu na vijana waliosoma, wengi wao wakiwa wametoka katika shule ya Maseno, walifanya mkutano mkubwa huko Lundha katika nchi ya Gem. Mwenyekiti wao alikuwa Jonathan Okwiri. Chama chao kilijulikana kwa watu kwa jina la Piny Owacho, yaani "Nchi imesema". Waliyaandika malalamiko yao moja moja: kodi, kipande, kambi za kazi ya lazima, na kugeuzwa kwa nchi kuwa koloni. Kisha wakataka wasikilizwe na Gavana mwenyewe. Tarehe 8 Julai 1922 Gavana Edward Northey alifika Nyahera akakutana nao. Hakuwapa yote waliyotaka, na nchi ilibaki koloni. Lakini kambi zile za kazi alikubali zivunjwe, na katika mwaka huohuo kodi ilishushwa kutoka shilingi 16 hadi shilingi 12.

Lakini haingekuwa haki kuisimulia habari hiyo na kuiacha nyingine ya mwaka uleule. Huko Nairobi, Harry Thuku, aliyekuwa mfanyakazi wa simu katika Hazina ya serikali, alikuwa amefanya kazi ya namna hiyohiyo, ya mikutano na ya kupeleka malalamiko hata London kwa simu ya maandishi. Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa. Watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi kutaka afunguliwe, na tarehe 16 Machi wakapigwa risasi, wakafa zaidi ya 20. Thuku akahamishwa hadi Kismayu, akakaa uhamishoni miaka mingi. Kwa hiyo mtu asiwadanganye kwamba mwenye kusema kwa adabu husikilizwa daima. Wako wenye mamlaka wanaojibu maombi kwa risasi. Tofauti ni kwamba baada ya hapo kila mtu ajua aibu ni ya nani, na tangu mwaka 1922 hadi leo aibu ile haijahama.

Liko na somo la tatu. Mwaka 1923 kile chama cha Piny Owacho kiligeuzwa kuwa chama cha ustawi cha walipa kodi wa Kavirondo, chini ya urais wa Arkidiakoni Walter Owen wa misheni. Kazi nyingi njema zilifanyika, za kuchimba vyoo, za kuua panya na za kusafisha nyumba, na Owen mwenyewe hakuogopa kuandika barua kali juu ya kazi ya lazima ya wanawake na watoto. Hata hivyo walikuwako waliosema kwamba chama kimefugwa, na kwamba madai makubwa yamewekwa kando. Chama chetu nacho ni cha ustawi, na yafaa tukumbuke kwamba adabu ikipoteza dai lake inakuwa utumishi tu. Tunataka vyote viwili: choo kichimbwe, na swali liulizwe.

Bwana Mwenyekiti, sasa nije katika sheria, maana siku hizi hatuombi kama watu wasio na hati. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 yasema katika kifungu chake cha kwanza kwamba mamlaka yote makuu ni ya wananchi. Kifungu cha 73 chasema kwamba mamlaka aliyopewa ofisa wa serikali ni amana ya umma, na kwamba apaswa kuyatumia kwa namna inayoonyesha heshima kwa wananchi. Naomba wazee wayasikie vizuri maneno hayo. Sheria yamdai mkubwa amheshimu mdogo. Na kifungu cha 75 chamkataza ofisa asiishushie hadhi ofisi yake, hata katika maisha yake ya faragha. Basi kiongozi anayepanda jukwaani na kumtukana mwenzake, au kuwaita wapiga kura wa upande mwingine kwa majina ya wanyama, ameivunja heshima ya ofisi kabla raia yeyote hajaigusa.

Upande wa raia nao umeandikwa. Kifungu cha 33 chatupa uhuru wa kusema, lakini uhuru huo haufiki kwenye uchochezi wa vita, wala uchochezi wa fujo, wala matamshi ya chuki, na kifungu hicho chatuamuru tuziheshimu haki na sifa za watu wengine. Kifungu cha 37 chatupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka maombi kwa wenye mamlaka, kwa amani na bila silaha. Na iko sheria ya mwaka 2012 juu ya namna ya kupeleka maombi Bungeni, ambayo mimi kama karani naipenda sana. Yasema kwamba ombi laweza kuandikwa kwa mkono au kupigwa chapa, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na kwa lugha ya heshima na ya kiasi. Lazima lieleze kama jambo lenyewe lilikwisha kupelekwa kwa wahusika na kama walijibu. Lazima limalizike kwa kusema waziwazi kinachotakiwa. Na asiyejua kuandika aweka alama ya kidole, nayo yahesabiwa sawa na sahihi ya mwenye digrii. Hivyo adabu ya lugha si pambo la wasomi tu. Sheria yenyewe imeifanya kuwa mlango wa kuingilia.

Tuyatazame sasa mambo tuliyoyaona kwa macho yetu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi yetu iliingia katika moto. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na mamia ya maelfu walifukuzwa makwao, mpaka ulipotiwa sahihi mkataba wa tarehe 28 Februari 2008. Sababu zilikuwa nyingi: kura zilizobishaniwa, ardhi, na dhuluma za zamani. Lakini mapanga hayakutangulia. Yaliyotangulia ni maneno, katika mikutano, katika karatasi zilizotupwa usiku, na katika redio, maneno yaliyomgeuza jirani kuwa magugu au mgeni wa kuondolewa. Ndipo mwaka huohuo wa 2008 ikatungwa sheria ya uwiano na utangamano wa taifa, yenye adhabu ya faini hadi shilingi milioni 1 au kifungo hadi miaka 3 kwa matamshi ya chuki. Methali yasema heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi, na sisi tulilipa gharama ya kulijua hilo.

Tazameni na mfano mwingine. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, iliufuta uchaguzi wa rais. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba hakubaliani na hukumu lakini anaiheshimu, na ndivyo ipasavyo kiongozi kusema. Lakini siku hiyohiyo, mbele ya wafuasi wake, aliwaita majaji wakora, na neno hilo ndilo lililochukuliwa na wafuasi wakaenda nalo nyumbani. Miaka mitano baadaye, tarehe 5 Septemba 2022, mahakama hiyohiyo, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, ilithibitisha ushindi wa William Ruto. Raila Odinga, aliyeshindwa, alisema kwamba anayaheshimu maoni ya mahakama ingawa hakubaliani nayo hata kidogo. Mwaka 2023 aliongoza maandamano, na juu ya maandamano hayo kila mmoja wetu ana maoni yake. Lakini katika siku ile ya hukumu, siku ambayo neno moja lingeweza kuwasha nchi, alilipima neno lake. Mtu aweza kukataa kwa nguvu zake zote na bado akakiacha kiti cha hakimu kikisimama, kwa maana kesho huenda yeye mwenyewe akakihitaji.

Najua kwamba baadhi ya wazee, niliposimama, walitumaini nitawakemea vijana, hasa kwa mambo ya Juni 2024. Naomba niseme kwa haki. Vijana wale walipoupinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo, wengi walikuwa wameusoma, kifungu kwa kifungu, na wakaueleza kwa lugha zetu za nyumbani ili mama auzaye sokoni ajue kodi ya mkate ilikuwa na maana gani kwake. Hiyo ni kazi ambayo sisi wenye umri tungepaswa kuifanya. Tarehe 25 Juni baadhi ya waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, mali ikaharibiwa; polisi wakatumia risasi za moto, na watoto wa watu wakafa. Siku iliyofuata Rais alikataa kuutia sahihi mswada ule. Mimi naliita jengo la Bunge mali yetu, na kulichoma ni kujichoma. Lakini jengo hujengwa tena, na kijana aliyepigwa risasi harudi kwa mama yake. Mzee anayelilia kioo kilichovunjika, asilie pia kwa ajili ya maiti, hajaitetea heshima, ameitetea samani. Na kijana anayedhani kwamba ushindi ule ulitokana na matusi yaliyoandikwa juu ya familia za viongozi, naye ajiulize ni neno gani hasa lililowashinda. Lililowashinda ni mswada kusomwa na kueleweka na watu wote.

Bwana Mwenyekiti, hotuba isiyo na azimio ni upepo. Kwa hiyo Halmashauri imeniagiza niwawekee mbele mambo manne, ili mkutano huu uyakubali, uyakatae au uyarekebishe.

Jambo la kwanza ni juu ya mikutano yetu wenyewe. Kila mwanachama atakayesimama aseme juu ya jambo, asiseme juu ya mtu, wala ukoo, wala chama cha siasa. Na kwa upande wa wakubwa, kila swali litakaloulizwa kwa adabu liandikwe katika kumbukumbu pamoja na jibu lake, na kama jibu halipo, iandikwe tarehe ambayo jibu litaletwa. Kijana asiambiwe, "Kaa chini, wewe ni mtoto," kwa maana ada anayolipa si ada ya mtoto. Tukitaka magavana watujibu, na tuanze sisi kujibiana humu ndani.

Jambo la pili ni mazishi. Kiongozi yeyote ajaye katika msiba wa mwanachama, wa upande wowote, apokewe vizuri, apewe kiti cha heshima, na apewe nafasi ya kutoa rambirambi. Lakini kipaza sauti kisitumiwe kuomba kura wala kumsema mpinzani. Mwenyekiti wa mazishi amweleze hivyo mapema, kwa upole, kabla hajasimama. Marehemu hawezi kuondoka mkutanoni akichoka na siasa. Basi sisi tulio hai ndio tunaopaswa kumlinda. Na mwanachama yeyote asikose msiba kwa sababu ya kura ya mfiwa.

Jambo la tatu ni maneno ya simu. Kundi letu la simu liwe la habari za Chama peke yake: misiba, wagonjwa, karo na mikutano. Mwenye kuandika tusi humo aombwe alifute, kisha aende mwenyewe hadi nyumbani kwa aliyetukanwa, pamoja na mzee mmoja, akamalize jambo ana kwa ana. Tusi huandikwa kwa urahisi kwa sababu mwandishi hauoni uso wa anayesoma. Akienda akauona, nadhani hatarudia.

Jambo la nne ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni zahanati yetu. Wanachama wengi mmelalamika kwamba wagonjwa huandikiwa dawa wakatumwa kuzinunua madukani. Nimesikia matusi mengi juu ya jambo hili, juu ya daktari, juu ya mwakilishi wa wadi, juu ya gavana na kabila lake. Sikuona barua hata moja. Zahanati ni kazi ya Serikali ya Kaunti, na sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi mbele ya Bunge la Kaunti. Tena iko sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari, inayomtaka ofisa wa umma ajibu maombi ya habari kabla ya siku 21 kupita.

Kwa hiyo Halmashauri imeandika barua mbili kwa Kiswahili. Ya kwanza inaomba habari: ni dawa gani zilizopelekwa katika zahanati yetu, na lini. Ya pili ni ombi kwa Bunge la Kaunti, na imezitaja siku ambazo wagonjwa walirudishwa bila dawa, kama mlivyotueleza ninyi wenyewe. Inaanza kwa salamu, inamtaja kila mkubwa kwa cheo chake, na haina neno moja la matusi. Haina pia neno moja la kubembeleza. Inataka dawa, inataka tarehe, na inataka jibu kwa maandishi. Jibu lisipokuja, itakwenda barua nyingine ikiitaja ile ya kwanza na tarehe yake, na baada ya hiyo tutajua mlango unaofuata, kwa maana sheria imetuachia milango mingi, hata ule wa kutembea barabarani kwa amani tukiwa na barua zetu mkononi.

Katiba yatuita kupiga kura kila baada ya miaka 5, katika Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti. Siku hiyo ikija tutagawanyika, kila mtu na mgombea wake, na hilo si dhambi. Lakini Jumatano itafika, na mgonjwa atahitaji kubebwa, na karo itahitajika kulipwa. Naomba kila mmoja wetu aseme katika siasa maneno ambayo ataweza kuyakalia pamoja na jirani yake siku ya Jumatano.

Hayo ndiyo machache niliyoagizwa kuyasema. Mkiyakubali maazimio haya, barua zile mbili ziko juu ya meza ya Mweka Hazina karibu na mlango, pamoja na kalamu, na kidau cha wino kwa wale watakaoweka alama ya kidole. Naomba mtie sahihi mmoja baada ya mwingine katika karatasi hiyohiyo moja, wa chama hiki cha siasa na wa kile, mzee na kijana, ili yule atakayeisoma huko makao ya Kaunti asiweze kutambua nani alimpigia nani kura.

Mwenyezi Mungu akibariki Chama chetu, na awape wenye mamlaka masikio ya kusikia.